Fundi Anajibu: Omu Mara Mbili, Sauti Iko Wapi?

Barua nilizochagua mwezi huu zote ni za hambaka, zile pikapu za gitaa la umeme zenye koili mbili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, na karibu zote zina mzizi mmoja: watu wanasoma kilo-omu kana kwamba wanasoma kipimo cha nguvu. Nimesuka pikapu kwa miaka 22, na sijaona jambo katika kazi hii linalowapotezea watu fedha na muda kama hilo. Barua ya kwanza nitaijibu kwa kirefu. Nyingine nitazigusa kwa ufupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu yake imo humo humo.

*Shikamoo fundi. Mimi hupiga ridhimu kwenye bendi ya watu watano. Gitaa langu lilikuwa na pikapu ya Seymour Duncan '59 kwenye daraja, kilo-omu 8.1. Nilitaka sauti kubwa zaidi. Nikaona pikapu yao nyingine, JB, ina kilo-omu 16.4, yaani mara mbili, nikainunua na kuifunga mwenyewe. Kweli inasukuma amplifaya kidogo zaidi, lakini mara mbili siioni, na kordi zangu sasa zinasikika kama mtu anayesema huku kajiziba mdomo kwa kiganja. Nimepata pikapu mbovu, au nimekosea kulehemu? — Mpiga ridhimu*

Marahaba. Pikapu yako ni nzima na ulehemu wako uko sawa. Najua hivyo kutokana na maneno yako mwenyewe. Hambaka ni koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu juu ya sumaku moja. Koili moja iko upande wa ncha ya kaskazini, ya pili upande wa kusini, na zimeunganishwa kinyume, ili mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 au 60, ujifute wenyewe huku sauti ya uzi ikijumlishana. Ukigeuza koili moja kwa makosa, kinachojifuta ni sauti ya uzi: unabaki na kitu chembamba, besi zimekwenda, kama redio ndogo ya betri. Wewe unalalamikia sauti nene iliyozibwa. Hapo nyaya hazina kosa.

Kosa liko kwenye ile "mara mbili".

Kilo-omu ni kipimo cha jinsi waya unavyoukinza umeme. Ukinzani huo unapanda kwa sababu mbili: waya ukiwa mrefu zaidi, na waya ukiwa mwembamba zaidi. Uzi wa gitaa haujui habari za ukinzani. Uzi unapotikisika unaivuruga sumaku, na kila mzunguko wa waya kwenye koili unatoa tone lake la volti. Matone hayo yakijumlishwa ndiyo nguvu ya pikapu. Kwa hiyo swali la maana ni hili: mizunguko imeongezeka kiasi gani? Omu zinakujibu nusu tu.

Sasa tuzichukue hizo pikapu zako mbili. Zote zina sumaku ya alniko 5 (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), jambo linalorahisisha mlinganisho. Lakini '59 imesukwa kwa waya namba 42, wenye unene wa takriban milimita 0.063, na JB imesukwa kwa waya namba 44, wa takriban milimita 0.05. Kwenye macho tofauti hiyo haionekani. Mimi hulazimika kutumia maikromita. Kwenye ukinzani ni kubwa: mita moja ya namba 44 inakinza karibu mara 1.57 ya mita moja ya namba 42. Gawanya 16.4 kwa 1.57. Unapata 10.4. Maana yake, waya wa JB kama ungekuwa wa unene uleule wa '59, multimita yako ingesoma kilo-omu 10 na kidogo. Linganisha 10.4 na 8.1 na utaona kwamba ulichonunua ni waya mrefu kwa karibu asilimia 30. Ni hesabu ya kukadiria, kwa sababu waya mwembamba unajibana vizuri zaidi kwenye boba, kile kiunzi koili inaposukwa, na mizunguko inakuwa mifupi kidogo, lakini haiko mbali na ukweli.

Asilimia 30 ya volti zaidi ni desibeli 2 na ushei. Ili volti ziwe mara mbili unahitaji desibeli 6, na ili sikio la kawaida liseme "hii ni kubwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10. Ndiyo maana umesikia amplifaya ikisukumwa "kidogo zaidi". Umesikia sawasawa.

Tuje kwenye kile kiganja mdomoni. Hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayotawala sauti ya hambaka zote. Mizunguko inapoongezeka, volti zinaongezeka kwa kadiri ileile. Lakini kuna kitu kingine, indaktansi, ile tabia ya koili kuyazuia mawimbi ya haraka, yaani sauti za juu, na hicho hakiongezeki kwa kadiri ileile. Kinaongezeka kwa mraba. Mizunguko ikizidi mara 1.3, indaktansi inazidi mara 1.3 kwa 1.3, yaani karibu 1.7. Umepata asilimia 30 ya nguvu na umelipa asilimia 70 ya giza.

Hambaka za mtindo wa '59 ninazopima kwa mita ya LCR, inayopima indaktansi kwa henri, zinaangukia karibu henri 4.5 hadi 5. JB zinaangukia karibu henri 8. Indaktansi hiyo ikikutana na kebo yako, ambayo nayo ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya kama pikofaradi 100 kwa kila mita, vinatengeneza kilele mahali fulani kwenye sauti. Chini ya kilele kila kitu kinapita. Penye kilele sauti inang'aa. Juu yake inaporomoka haraka. Kwa kebo ya mita 5, kilele cha '59 kinakaa karibu hezi 3,000, na cha JB kinashuka hadi karibu 2,300. Hezi 700 zinaonekana chache ukizisoma kwenye karatasi, lakini hapo kati ndipo kinapokaa kile kinachozitenganisha nyuzi sita ndani ya kordi moja: mkwaruzo wa plektra na ncha ya kila noti. Ukikishusha kilele, noti moja moja inanenepa na kuimba, na kordi inagandamana.

Nitakueleza jinsi nilivyojifunza hilo, kwa sababu aliyelilipia hakuwa mimi. Mwaka wa tatu wa kazi yangu alikuja mpiga ridhimu kama wewe, akaniachia hambaka yake yenye koili iliyokatika, akasema, "Ukiisuka upya, iongezee nguvu." Nikachukua waya namba 44 nikajaza boba zote mbili mpaka ukingoni. Multimita ikasoma 17 na kidogo, nami nikamkabidhi nikiwa na fahari. Baada ya wiki mbili akarudi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Fundi, nikiwa peke yangu nyumbani ni kubwa. Bendi ikianza, mimi sipo." Maneno hayo sijayasahau. Besi na kibodi vilikuwa vimekaa palepale nilipomsukumia sauti yake. Nilikata waya wote, nikasuka upya kwa namba 42 mpaka 8.3, nikamrudishia bila malipo. Tangu siku hiyo kila pikapu inayotoka mezani kwangu naiandikia daftarini mistari minne: namba ya waya, omu, henri, na sumaku. Wanaotaka kujua omu peke yake nawaonyesha mistari yote minne.

Ushauri wangu kwako ni wa moja kwa moja: irudishe '59 kwenye daraja. Ukihitaji nguvu zaidi, iinue karibu na nyuzi na ongeza geini kwenye amplifaya, maana desibeli 2 ni mzunguko mdogo sana wa nobu. JB si pikapu mbaya, tena naipenda mno kwenye solo. Kilele chake cha chini kinaipa noti za juu mwili na ukali wa katikati unaovuka bendi nzima bila kuumiza sikio. Ukiwa na gitaa la pili, au mwenzako anayepiga solo, ihamishie huko.

Kama hutaki kuitoa, jaribu mambo matatu kwa mpangilio huu. Angalia nobu ya sauti: hambaka huhitaji potensiomita (kikinzani kinachogeuzwa na nobu) ya kilo-omu 500, na magitaa mengine hutoka yakiwa na 250, ambayo inapunguza ukali zaidi. Fupisha kebo; kutoka mita 5 kwenda 3 kilele kinapanda na utasikia. Mwisho, JB ina nyaya nne, hivyo unaweza kuweka swichi ya kuziunganisha koili sambamba badala ya mfululizo. Hapo indaktansi inashuka hadi karibu robo, nguvu inashuka hadi karibu nusu, mvumo unabaki umeuawa, na kordi zinafunguka. Mpiga ridhimu anayeitumia swichi hiyo vizuri hupata magitaa mawili ndani ya moja.

Nikuombe jambo moja kabla hujaamua lolote. Linganisha kwa haki. Pikapu mbili zikitofautiana hata desibeli 2, sikio huichagua iliyo juu na kuiita nzuri, na hakuna mwenye sikio lililosalimika na hilo, hata mimi. Ninavyofanya: nabonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho na kupima umbali kutoka pikapu hadi chini ya uzi, kwanza uzi mwembamba kisha uzi mnene, ili pikapu zote mbili zikae kimo kimoja. Nyuzi mpya za aina moja, kebo moja, plektra moja. Napiga kipande kilekile mara tatu nikirekodi moja kwa moja bila amplifaya. Kisha kwenye kompyuta naishusha iliyo kubwa mpaka zote mbili zilingane, na namwomba mtu mwingine azichezeshe bila kuniambia ipi ni ipi. Baada ya hapo tu ndipo nawasha distosheni. Watu wengi huanzia na distosheni, na distosheni hubana sauti kiasi kwamba hambaka dhaifu na hambaka kali zinakaribia kuwa ndugu. Kinachobaki kuzitofautisha ni kile kilele. Rekodi hizo zitunze. Baada ya mwaka utazisikiliza upya na utashangaa ulichokuwa hukisikii.

*Fundi, hambaka yangu imeandikwa kilo-omu 8.1 kwenye boksi lakini multimita yangu inasoma 8.4. Nimeuziwa bandia? — Mwenye shaka*

Omu peke yake haziwezi kukuambia kwamba ni bandia. Shaba hubadilika ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Pikapu iliyopimwa kiwandani kwenye nyuzi 20 ikisoma 8.1, kwenye chumba cha nyuzi 30 itasoma kama 8.4. Hiyo ndiyo tofauti yako yote, hata kabla hatujaitazama multimita yenyewe au mkono wa aliyesuka. Ndani ya hambaka kama hiyo kuna karibu kilomita moja na nusu ya waya mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Ukiuvuta kidogo tu wakati wa kusuka, unarefuka, unakonda, na omu zinapanda.

Kumbuka pia zilikotoka. Seth Lover aliisanifu hambaka akiwa Gibson mwaka 1955, na magitaa ya Les Paul yakaanza kuzivaa mwaka 1957. Zile za miaka ya mwanzo, ambazo watu leo wanazitafuta kama lulu, hazikufanana hata zenyewe kwa zenyewe: zipo za 7 na kitu, zipo za karibu 9, nyingine koili zake mbili hazina mizunguko sawa, na sumaku zilitumika alniko za madaraja tofauti. Uzuri wake mwingi umo katika kutofautiana huko, kwa sababu koili mbili zisizolingana huacha ukali kidogo wa juu upite. Mtu anayekuuzia hambaka kwa kujivunia kwamba omu zake "zimelingana kabisa na za zamani" anakutajia namba ambayo haikuwahi kuwa moja.

*Wenzangu wanasema sumaku ya seramiki ina sauti ya chuma, alniko ndiyo ya muziki. Mimi nina DiMarzio Super Distortion na ninaipenda. Nakosea? Na mbona ina kilo-omu 13.68 tu, chini ya JB, lakini haionekani kuwa dhaifu?*

Hukosei, na pikapu yako ndiyo ushahidi. Super Distortion ilitoka mwaka 1972, ni miongoni mwa pikapu za kwanza kabisa kuuzwa ili mtu avue ya kiwandani na kuvaa nyingine, na ina sumaku ya seramiki. Walioipiga wanajua ina besi nene na katikati iliyoshiba. Kama seramiki ingekuwa na sauti ya chuma kwa asili yake, pikapu hiyo isingekuwepo.

Kinachotokea ni hiki. Seramiki ni sumaku yenye nguvu kubwa, hivyo kila mzunguko wa waya unatoa volti zaidi. Ndiyo maana omu chache hazikupunguzii nguvu. Tena seramiki haipitishi umeme, ilhali alniko ni metali, na inapokaa chini ya koili huiongezea indaktansi kidogo na kulainisha sauti za juu. Kwa hiyo ukichukua koili ileile ukatoa alniko ukaweka seramiki, utasikia besi inakaza na ukali unapanda. Msukaji anayejua kazi analijua hilo, naye anaongeza waya ili kilele kishuke mahali anapopataka. Anayeipachika seramiki chini ya koili iliyokusudiwa alniko bila kubadilisha chochote, huyo ndiye aliyewafanya wenzako waseme wanayosema. Alniko 2 nayo, iliyo dhaifu kuliko 5, inaipa noti mwanzo laini unaopendeza sana shingoni. Mimi huichagua hapo kwanza.

*Je, naweza kufunga EMG 81 kwenye daraja na kubakiza hambaka yangu ya kawaida shingoni? — Kijana wa metali*

Unaweza kuziunganisha, lakini gitaa litakuumiza kichwa. EMG 81 ina kikuza sauti kidogo ndani yake kinachokula betri ya volti 9, na inataka potensiomita za kilo-omu 25. Hambaka ya kawaida ukiipitisha kwenye kilo-omu 25 inapoteza nguvu na sauti zake zote za juu. Ukiweka za 500 ili kuiokoa, EMG itafanya kazi ila nobu itageuka kama swichi: hakuna kitu, hakuna kitu, kisha yote kwa pamoja. Fungeni mbili za aina moja. Na usipime ukinzani wa EMG kwa multimita ukitaka kujua nguvu yake. Unachokipima pale ni saketi, koili iko nyuma ya saketi.

*Hujambo fundi. Pikapu ya shingoni inaizidi nguvu ya darajani mpaka nikibadilisha swichi katikati ya wimbo watu wanageuka. Zote ni 8 na kidogo. Nibadilishe ipi?*

Sijambo. Usibadilishe yoyote mpaka ushike bisibisi. Uzi unatikisika kwa upana mkubwa zaidi karibu na shingo kuliko karibu na daraja, hivyo pikapu mbili zinazofanana kabisa lazima ya shingoni ishinde. Ndiyo maana watengenezaji wengi husuka ya darajani kwa mizunguko zaidi. Za kwako ni sawa, basi tumia kimo.

Bonyeza nyuzi zote kwenye freti ya mwisho. Ya darajani ianzie milimita 2 chini ya uzi mwembamba. Ya shingoni ishushe mpaka milimita 3, hata 3.5 upande wa uzi mnene. Piga kordi moja, badilisha swichi, piga tena. Endelea kushusha ya shingoni robo ya mzunguko wa skrubu kila mara, usiinue ya darajani, kwa sababu sumaku ikisogea mno inauvuta uzi na noti zinaanza kuyumba. Ukifika mahali swichi inabadilisha rangi ya sauti lakini si ukubwa wake, acha hapo. Kisha geukia zile skrubu sita ndogo za nguzo juu ya pikapu, moja chini ya kila uzi: kama uzi wa tatu unazidi wenzake, na mara nyingi ndivyo unavyofanya, ushushie skrubu yake nusu mzunguko.